Noreen abandua kosa alilolibandika miaka 27 iliyopita

Birika linachemka, lakini hakuna atakayekunywa chai. Ni saa mbili asubuhi, Jumanne, na Noreen Braithwaite amesimama mbele ya jiko dogo la umeme katika chumba cha nyuma cha maktaba ya muziki mjini Kendal. Mkono mmoja ameshika karatasi kubwa ya nota, mwingine ameshika kisu butu cha kupakia siagi.

Anaipitisha karatasi juu ya mvuke mara moja, mara mbili, haikaribishi mno wino usije ukatiririka. Kisha anapenyeza ncha ya kisu chini ya ukanda mwembamba wa karatasi uliogandishwa kwa gundi, anausukuma polepole kama mtu anayemenya kiazi cha moto. Ukanda unabanduka. Chini yake zinatokea nota za zamani, wino wa kahawia, mwandiko wa mkono.

"Huo wa kumi na tisa," anasema. "Bado kumi na saba."

Vibandiko vyote thelathini na sita alivibandika mwenyewe mwaka 1998, kwa rula, kwa kalamu nzuri na kwa majivuno yasiyo kifani.

"Nilitamba wiki nzima," anasema mama huyo mwenye umri wa miaka 61. "Mpaka muuza nyama nilimhadithia. Nilimwambia nimekamata kosa la mnakili wa nota ambalo wanaume wenye digrii zao hawakuliona miaka sitini na saba."

Leo anajua kwamba kosa lilikuwa lake. Jioni okestra ya mji inafanya mazoezi ya mwisho kabla ya onyesho la Jumamosi la kuwakumbuka waliokufa vitani, na kiongozi wa okestra hajakubali bado kupiga nota hizi zinazofufuliwa kwa birika. Asipokubali leo, basi tena. Mwezi Machi Noreen anastaafu, na makaratasi yote yatahamishiwa ghala kubwa la jiji, kwa watu wasiojua lolote kuhusu gundi yake.

Kazi ya Noreen wengi hawajui hata kama ipo. Okestra za miji midogo hazina uwezo wa kununua nota, kwa hiyo huziazima maktabani. Yeye huzihesabu zinapotoka, huzihesabu zinaporudi, hushona zilizochanika, kisha huketi na kifutio akafuta kila kitu ambacho wapigaji wameandika kwa penseli.

Huandika mengi hao. Huchora jozi ya miwani mahali ambapo lazima wainue macho wamtazame kiongozi. Huandika "usilale," "meza mate," na mpiga chelo mmoja aliwahi kuandika orodha ya vitu vya kununua sokoni, mkate, maziwa na dawa ya paka.

"Miwani nimefuta kama elfu hivi," anasema. "Watu hawaponi macho."

Kwa kazi hiyo analipwa pauni kumi na tatu na nusu kwa saa. Zamani alifanya saa thelathini na tano kwa wiki, zikapunguzwa hadi ishirini, naye akajikaza kisabuni. Jumamosi huuza nyuzi za sufu sokoni. Halalamiki. Anasema ameishi miaka ishirini na tisa katikati ya muziki bila kulazimika kuupiga mwenyewe, na majirani zake wanashukuru kwa hilo.

Katika makaratasi yote, kipenzi chake ni Simfoni ya Pili ya Ambrose Lyddon. Lyddon alikuwa wa huku huku, mtoto wa msaga nafaka katika bonde la jirani. Mwaka 1916, akiwa na miaka ishirini na miwili, alipelekwa Ufaransa kubeba majeruhi kwa machela. Alibeba miaka miwili. Aliporudi hakuhadithia kitu, na ilipofika 1931 akaandika simfoni hii.

Nakala ya nota zake ni moja tu duniani, iliyoandikwa kwa mkono na mnakili, na iko katika kabati la Noreen.

"Mimi niliisikia redioni nikiwa na miaka kumi na saba, napiga pasi," anasema. "Shati la baba likaungua. Nilitegemea muziki wa vita uwe na mizinga na tarumbeta. Huyu hana mzinga hata mmoja. Ana ukungu, ana ndege mmoja, halafu ana watu wanatembea."

Watu hao wanatembea katika sehemu ya tatu. Klarineti, ile zumari nyeusi ya mbao, inaimba peke yake wimbo mrefu, wa polepole, usiopumua. Chini yake chelo na besi, fidla zile kubwa za sauti nzito, zimegawanywa makundi manne, kila kundi linadonoa nyuzi kwa kidole. Hakuna kundi linaloanza sawa na jingine. Mbele ya kila mstari mtunzi ameweka alama ndogo ya kunyamaza, na kila alama ina urefu wake.

Hapo ndipo Noreen alipoona kosa mwaka ule. Alikuwa mgeni kazini, miaka miwili tu, na hamu yake ya kusafisha haikuwa na breki. Akafikiri mnakili amechanganyikiwa. Akamwendea kiongozi wa wakati huo, mzee ambaye sasa ni marehemu, naye bila kuinua macho akasema, "Nyoosha."

Akanyoosha. Alibandika nota mpya juu ya zile za zamani ili makundi yote manne yatue pamoja, tu, tu, tu. Hata kitabu cha kiongozi, chenye nota za vyombo vyote, alikisahihisha kwa wino mwekundu. Tangu siku hiyo okestra kumi na moja zimeazima makaratasi hayo, na moja yao ilirekodi simfoni nzima mwaka 2004.

Kila onyesho, katika kijitabu cha wasikilizaji, huandikwa kwamba Lyddon alikuwa mbeba machela. Kila mtu amesoma. Noreen mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwapigia chapa maneno hayo.

Mambo yalibadilika Jumapili moja ya Oktoba, na hayakubadilikia maktabani.

Mumewe, Clive, ni fundi wa kuta za mawe, zile zinazojengwa bila saruji. Pia ni mwokoaji wa kujitolea milimani kwa miaka thelathini. Siku hiyo kikosi chake kilikuwa na mafunzo, na kijana aliyetakiwa kujifanya majeruhi alikuwa kitandani na mafua.

"Njoo wewe," Clive alimwambia mkewe. "Kazi yenyewe ni kulala tu."

"Kulala nakujua," Noreen akajibu. "Nyinyi kubeba mnakujua?"

Wakamfunga mikanda juu ya machela, wakamfunika blanketi, wakampa pipi ya mnanaa. Wabebaji walikuwa wanne, wawili wapya. Wapya hao wakaanza kushuka mlima kwa hatua moja, kushoto kulia, wakitaka kuonekana wamefunzwa.

"Nilirushwa kama unga katika chekecheo," anasema Noreen.

Clive akapiga kelele kutoka nyuma. "Vunjeni hatua, nyinyi! Mmebeba mtu, hamfanyi gwaride! Kila mmoja na mguu wake!"

Wakavunja hatua. Machela ikatulia. Noreen aliona mawingu juu yake yamesimama, kichwa hakitikisiki tena, na chini yake akasikia viatu vinane juu ya mawe, hakuna kinachotua pamoja na kingine. Sauti hiyo aliijua. Aliijua kwa sababu alikuwa ameibandikia karatasi.

"Nikasema, 'Clive, nishusheni.' Akasema, 'Unaumwa wapi?' Nikasema, 'Siumwi. Nimemharibu Lyddon.'"

"Nilidhani amegonga kichwa," anasema Clive. "Nikamuuliza leo siku gani."

Siku mbili Noreen aliahirisha kukiri. Alipika, akafua, akaenda kazini, akarudi. Sifa yake yote katika wilaya hii ni kwamba nota zikipita mikononi mwake hazina doa. Sasa ilimlazimu aende kumwambia kiongozi kwamba simfoni nzuri kuliko zote kabatini ameipotosha mwenyewe, na okestra kumi na moja zimekuwa zikipiga upotofu wake. Aliona aibu, na anasema hivyo bila kuzunguka.

Usiku wa pili, mezani, Clive aliweka uma chini. "Mke wangu, mficha uchi hazai. Nenda ukaseme."

Akaenda. Kiongozi wa sasa ni Julian Fothergill, mwalimu wa muziki wa sekondari, mtu wa miaka arobaini na minne, mpole mpaka umguse kwenye muziki. Alimsikiliza hadi mwisho, akamtengenezea chai, akakataa.

"Noreen, nakuheshimu kama mama yangu," alimwambia. "Lakini siku ya kumbukumbu, mbele ya watu mia nne, sitaongoza besi zilizolewa. Rekodi ninayo. Wanapiga pamoja."

"Wanapiga pamoja kwa sababu walipiga kwa nota zangu."

"Na unajuaje mnakili hakukosea kweli? Labda wewe wa mwaka ule ulikuwa sahihi na wewe wa leo ndiye umekosea."

Ushahidi wote wa Noreen ulikuwa mgongo wake mwenyewe, na mgongo hauwezi kuwekwa mezani.

Saa moja na nusu jioni ya Jumanne hiyo, ukumbi wa kanisa umejaa. Wapigaji hamsini wanakaza nyuzi, wanapuliza, wanaulizana habari za magoti. Noreen anaingia na makaratasi yake, mengine bado yana unyevu. Nyuma yake anaingia Clive na machela begani.

"Nani ameanguka?" anauliza Geoff Tyson. Geoff ndiye yule muuza nyama, na ndiye mpiga besi wa kwanza. Besi ni ile fidla inayomzidi mtu urefu, na Geoff ni miongoni mwa wachache inaoshindwa kuwazidi.

"Hakuna bado," anasema Noreen. Anasimama mbele ya watu wote, jambo ambalo hajalifanya miaka ishirini na tisa. "Jamani, nina neno. Sehemu ya tatu ya Lyddon mnayoijua siyo. Niliiharibu mimi. Yeye aliandika watu wanne wamembeba mtu, na wabebaji hawatembei pamoja. Mwalimu haamini, na ana haki. Mwalimu, naomba ulale hapa."

Ukumbi unacheka. Fothergill anatazama machela, anamtazama Noreen, anavua koti.

"Nikivunjika, nani ataongoza Jumamosi?"

"Tutakuongoza sisi, mwalimu," anasema Geoff. "Umetuongoza vya kutosha."

Wanambeba watu wanne, wawili wa besi na wawili wa chelo. Clive anawaamuru watembee kwa hatua moja. Moja, mbili, moja, mbili. Machela inaanza kupanda na kushuka. Miwani ya Fothergill inateleza hadi kidevuni, anashika kingo kwa mikono yote miwili.

"Sasa vunjeni," anasema Clive. "Geoff, wewe anza. Wengine kila mtu achelewe anavyojua."

Noreen anamgeukia Moira Kitching, mpiga klarineti, nesi mstaafu. "Moira, wimbo wako. Tafadhali."

Moira anapiga. Wanne wale wanavuka ukumbi, viatu vinagonga mbao ovyo ovyo, na juu ya machela mwalimu wa muziki amelala, hatikisiki, macho yako darini. Wanafika mlangoni, wanageuka, wanarudi. Hakuna anayecheka tena. Wanapofika jukwaani, Geoff anauliza kama watue.

"Msinishushe kwanza," anasema Fothergill.

Wakamzungusha mara nyingine. Aliposimama alitafuta koti lake kwa muda kidogo ingawa lilikuwa mbele yake. Kisha akasema, "Chelo na besi, tupige zilizoandikwa."

Kusema kweli, walipopiga ilikuwa vurugu tupu. Mtu aliyefunzwa maisha yake yote kupiga pamoja na mwenzake, mwambie apishane naye, hataweza. Kila walipoanza mbalimbali, baada ya sekunde kumi walijikuta wameungana tena.

"Mwalimu, miaka thelathini mnanifokea nipige na wenzangu," Geoff alilalamika. "Leo mnataka nisipige nao. Mshahara wenyewe sina."

Aliyewatoa kwenye tope ni Clive, ambaye nota hajui hata moja. Alikuwa amekaa nyuma, juu ya machela yake, anakula biskuti ya tangawizi.

"Shida yenu mnasikilizana," alisema. "Kule mlimani humsikilizi mbebaji mwenzako. Unamsikiliza aliyelala."

Wakamtazama Moira, maana aliyelala ni klarineti. Wakaacha kusikilizana, wakamsikiliza yeye. Mara ya nne walifika mwisho.

Moira alishusha klarineti. Ameipiga sehemu hiyo mara tatu katika maisha yake, anasema, na kila mara ilimchosha kifua, kwa sababu ilimbidi ausukume wimbo juu ya zile tu, tu, tu. "Leo sikusukuma. Ulilala wenyewe."

Jumamosi saa kumi alasiri kanisa lilijaa hadi milangoni, kila koti na ua lake jekundu la karatasi, la kuwakumbuka wafu wa vita. Noreen alikaa mahali pake pa siku zote, nyuma ya nguzo, na nakala za akiba mapajani. Clive alikuwa kando yake amevaa tai.

Sehemu ya kwanza ilipita, ya pili ikapita. Ya tatu ilipoanza, mzee mmoja aliyekaa mbele yao alimgeukia mkewe akanong'ona kwamba besi zimekosea. Mkewe alimwekea kidole mdomoni. Klarineti ikaingia juu ya zile hatua zisizopatana, ikaenda mbele, ndefu, haitikisiki. Mwisho wake hatua zinapungua moja moja. Wa kwanza anasimama, wa pili anasimama, wa tatu, wa nne. Wimbo unabaki peke yake kidogo, na wenyewe unatua.

Noreen alilia, na hataki isemwe vinginevyo. Clive alimshika mkono.

"Wamemfikisha," akamwambia.

Siku ya Jumatatu amerudi mezani kwake, na barua kumi na moja za kuandika. Kila okestra iliyowahi kuazima nota zile itapata yake, kwa mkono, si kwa kompyuta, kwa sababu kosa nalo alilifanya kwa mkono. Kabla ya Machi anataka angalau moja kati yao iahidi kuipiga tena simfoni hiyo, kwa nota zilizokuwa chini ya vibandiko. Akishapata ahadi hiyo, anasema, wamchukulie hata kabati.

Ya kwanza amemaliza. Anaisoma kwa sauti ili asikie kama inaeleweka.

"Wapendwa, mlipoazima simfoni ya Lyddon niliwapa nota nilizozinyoosha. Zilikuwa zimenyooka tayari, mimi sikujua kusoma. Nimezirudisha kama alivyoandika. Mtakapozipiga mtaona hazipatani, na mtatamani kuzipatanisha. Tafadhalini msifanye hivyo. Kuna mtu amelala juu ya muziki huu. Naomba mumbebe vizuri."